Kipande Kilichobaki Siku Tatu

Msimu huu mmeniletea wazee. Zaidi ya nusu ya barua zilizofika mezani kwangu zinahusu mama na bibi. Nachukua mbili. Ya kwanza ni fupi, nitaimaliza haraka. Ya pili imenikalisha na kalamu siku nne.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mama yangu anakaribia miaka tisini, naishi naye hapa Korogwe. Nataka asimulie maisha yake tangu utotoni nimrekodi kwa simu, lakini kila nikiiwasha ananiambia, "Mimi sina historia, historia wanayo wakubwa." Nifanyeje?
— Mwana, Korogwe

JIBU: Marahaba, mwanangu. Zima simu. Mtu aliyelelewa asijitangulize mbele za watu hawezi kuanza kujisimulia eti kwa kuwa umemsogezea kifaa mdomoni. Usimuulize maisha, muulize vitu. Kaeni mchambue mchele, halafu uliza: hiki chungu kilitoka wapi? Khanga ya kwanza uliyoinunua kwa pesa yako mwenyewe iliandikwaje? Ule unga wa njano tuliouita Yanga, mliupika vipi mpaka ukalika? Swali hilo la unga nilimuuliza mama yangu jioni moja. Akaanza na sufuria, akaishia na mdogo wake aliyefariki mwaka ule wa njaa, 1974, ndugu ambaye sijawahi kusikia akitajwa nyumbani kwetu. Siku hiyo nilikuwa mtu mzima mwenye wajukuu. Simu utaiwasha baadaye, ukiwa peke yako, urudie aliyosema kabla hujayasahau.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Bibi yetu mzaa mama alifariki mwezi uliopita hapa Muheza, usingizini, jembe lake likiwa limeegemea ukuta nje ya mlango kama siku zote. Siku ya mazishi wasifu uliosomwa ulikuwa aya moja tu. Sasa tunajiandaa kwa arobaini, na kwa kuwa mimi nafundisha shule ya msingi, wajomba wameamua niandike historia ya marehemu isomwe mbele ya watu. Watakuwepo hata ndugu wa babu kutoka Kasulu.

Bibi alikuwa Mbondei wa hapahapa. Babu alikuwa Mha, alikuja kukata mkonge, akamwoa Bibi, hakurudi tena kwao kuishi. Yeye alitangulia mwaka 1988. Bibi alizaa watoto tisa, akazika watatu, akalea wengine watano wasio wa tumbo lake. Kila mjukuu alipozaliwa alipanda mchungwa mmoja. Wangu uko karibu na kisima. Nimeanza kuandika hivi: "Marehemu alikuwa mcheshi, mkarimu, mchapakazi, mpenda watu na mcha Mungu." Hapo kalamu imegoma.

Kwanza, hatujui alizaliwa mwaka gani. Kitambulisho kinasema 1 Julai 1932. Mjomba mkubwa anasema ni 1927. Mama Mkubwa, ambaye ni mtoto wa kwanza na cheti chake cha ubatizo ni cha 1951, anasema Bibi alimwambia alizaliwa "nzige walipokula mahindi", na kwamba vita vya Hitler vilipokwisha yeye alikuwa mwali, bado yuko ndani. Halafu Mjomba hataki neno manamba, yaani vibarua wa mkonge, litajwe. Ananitaka niandike kuwa babu alikuwa "mtumishi katika sekta ya kilimo". Wala hataki nitaje kwamba Bibi aliwauzia manamba bada, ugali wa muhogo, na togwa, maana wapo wanaosema haikuwa togwa tu.

Mwisho, kwenye sanduku lake la bati tumekuta khanga pea saba mpya, cheti cha kisomo cha watu wazima, na kipande cha babu, kadi yake ya siku za kazi ya mkonge, cha Agosti 1949. Kina alama siku 27, tatu za mwisho ziko wazi. Kilikuwa kimefungwa ndani ya leso. Hakuna anayejua kwa nini Bibi alikiweka miaka yote hiyo. Nikitaje au nikiache?
— Mjukuu, Muheza

JIBU: Marahaba, mjukuu wangu. Poleni sana na msiba.

Umeanza vibaya, na nakuambia hivyo kwa kuwa na mimi nilianza vilevile. Bibi yangu wa Pangani aliuza vitumbua karibu na pantoni, upande wa mjini, pale wanapongojea watu wa kuvuka kwenda Bweni. Aliloweka mchele usiku, akaamka kuutwanga kabla ya adhana, na mpaka pantoni ya kwanza inaondoka chuma chake kilikuwa kimeshageuza vitumbua vya sinia mbili. Alifanya hivyo zaidi ya miaka thelathini. Alipofariki wakanipa kazi kama yako, kwa sababu ileile: mwalimu. Nikapanga sifa kumi na moja, nimezihesabu baadaye, na ya kwanza ilikuwa "mcheshi". Bibi yangu hakuwa mcheshi hata kidogo! Alikuwa mkali kama pilipili mbuzi. Watu walinisikiliza wameinamisha vichwa, ile heshima ya kungojea mtu amalize.

Nilipokaa, mzee mmoja aliyekuwa akifanya kazi kwenye pantoni akaomba dakika moja. Akasema: "Huyu mama alikuwa akinidai. Kila alfajiri nachukua vitumbua vitatu, naye anachora mstari wa mkaa nyuma ya mlango wake. Mwisho wa mwezi tunahesabu mistari, nalipa. Mwezi aliojifungua mke wangu nikaenda kulipa, nikakuta mlango umeoshwa, hauna hata mstari mmoja. Nikamuuliza, mama, hesabu yangu iko wapi? Akaniambia, mvua." Mzee akanyamaza kidogo. "Mlango wa ndani," akasema. "Eti mvua."

Hapo ndipo watu walipolia, na waliocheka walicheka. Tangu siku hiyo neno mkarimu nalitoza ushuru: mtu akitaka kuliandika mbele yangu, alipie kwa kisa kimoja.

Wewe vya kulipia unavyo, umevitupia tu kwenye barua kama mtu anayemwaga maji ya kuoshea vyombo. Jembe limeegemea ukuta, ndiyo mchapakazi wako huyo. Mchungwa wa karibu na kisima. Watoto watano wasio wa tumbo lake, hao ni akina nani, walikuja na nini mkononi, aliyewaleta alisema atarudi lini? Mtafute mmojawapo umuulize siku ya kwanza alilala wapi. Na zile khanga pea saba. Wanawake wa umri wake hawakuweka khanga mpya kwa kusahau. Huwekwa za kugawa na huwekwa za kumfunika mwenyewe. Soma maandishi ya kila pea, hesabu mabinti na wake wa wajomba zako, uone kama saba inaangukia mahali. Mama zako huenda wanajua na wanaona haya kusema.

Nije kwenye mwaka. Kitambulisho usikibishie wala usikiamini. Wazee wengi wa nchi hii wana siku ya kuzaliwa waliyopangiwa dirishani na mtu mwenye haraka, ndiyo maana utakuta kijiji kizima kimezaliwa katikati ya mwaka. Mama Mkubwa amekupa vitu viwili vilivyo bora kuliko tarehe. Nzige waliivamia Tanganyika mwanzoni mwa miaka ya 1930, tena zaidi ya mara moja, kwa hiyo nzige peke yao hawakupi mwaka mmoja. Lakini vita vilikwisha 1945 naye ni mwali wa ndani. Binti anayewekwa ndani ana miaka kumi na mitatu, kumi na minne, kumi na mitano. Rudi nyuma uhesabu, utaangukia kati ya 1930 na 1932, palepale kwenye nzige. Angekuwa wa 1927, kama anavyotaka Mjomba, mwaka 1945 angekuwa na miaka kumi na minane, na kwa desturi ya enzi hizo angekuwa kwa mume siku nyingi. Mjomba anampenda mama yake, anamwongezea miaka kama tunavyomwongezea mgeni nyama.

Kisha nenda parokiani. Kanisa la upande wenu limetokana na misheni ya Kianglikana ya UMCA ya Magila, na wale watu walikuwa waandishi wa madaftari. Kama Bibi alibatizwa mtoto, jina lake limo, na la wadhamini wake limo. Mwombe padri kwa adabu, nenda siku isiyo ya ibada, beba kalamu na subira, maana majina yameandikwa kwa tahajia ya kizamani na utalipita la bibi yako mara mbili kabla hujalitambua. Daftari la ndoa ndilo muhimu zaidi kwako, nitakueleza kwa nini. Usipopata kitu, andika "alizaliwa miaka ya nzige, kati ya 1930 na 1932" na usiombe radhi. Watu watakumbuka nzige kuliko namba.

Miaka ya katikati itafute vivyo hivyo. Mwaka 1965 watu walipiga kura ya jembe na nyumba, alama za wagombea. Muulize mama yako wakati huo alikuwa mgongoni au alikuwa anatembea. Mwaka 1973 redio zilikuwa na kampeni ya Mtu ni Afya, watu wakakaa vikundi kusikiliza kisha wakaenda kuchimba vyoo. Muulize Mjomba mdogo nani alichimba choo cha nyumbani kwenu na Bibi alisimama wapi wakati kinachimbwa. Kwetu Pangani bibi alisimama ukingoni na mwiko mkononi. Michungwa nayo ni kalenda, na haiozi kama karatasi. Kila mti una mjukuu na kila mjukuu ana mwaka. Tembea shambani na daftari. Uliza pia kama kuna miti aliyopanda kabla ya wajukuu, na miche ya kubebesha alijifunzia wapi.

Cheti cha kisomo usikipite haraka. Mtihani wa kwanza wa taifa wa kisomo ulifanyika Agosti 1975, na mwanamke wako huyu alikuwa na miaka arobaini na kitu, watoto nyumbani, shamba, mume wa mkonge. Alikaa saa ngapi darasani, jioni? Watoto walikula nini siku hizo? Pekua sanduku tena. Kama kuna karatasi yoyote ya zamani aliyoweka dole gumba, na nyingine ya baadaye aliyoandika jina lake, peleka zote mbili kwenye arobaini, zipite mikononi mwa watu.

Sasa manamba. Hapa nitagombana na mjomba wako, na nimemzidi umri, atanivumilia.

Najua kwa nini hataki. Nilisoma shule na watoto wa kambi. Neno lenyewe lilitokana na namba, kwa kuwa mtu aliandikwa kwa namba, naye aliyeitwa hivyo alikuwa si wa hapa, hana ukoo, hana shamba, hana wa kumsemea. Likawa tusi. Kijana wa Kibondei akikukosea unamwambia umelelewa kimanamba. Mjomba wako alilisikia akiwa mdogo na halijatoka sikioni. Simlaumu. Lakini "mtumishi katika sekta ya kilimo" ni mtu gani? Anavaa nini? Mtu huyo hakulala kambini wala mwiba wa mkonge haukumchoma.

Mkonge uliletwa Tanga mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf. Miche elfu moja iliagizwa kutoka Florida, iliyofika hai ilikuwa 62. Miche 62! Kutoka hiyo mkapatikana mashamba yasiyo na mwisho kutoka Tanga mpaka Korogwe na kupita, na mashamba yanataka mikono, na Wabondei walikuwa na mashamba yao wenyewe, hawakuona sababu ya kwenda kuchomwa miiba ya mtu mwingine. Vita vya Hitler vilipopamba moto, Wajapani wakatwaa Ufilipino na Java mwaka 1942, Waingereza na wenzao wakakosa nyuzi za kamba za huko, wakaukodolea macho mkonge wa Tanganyika. Mwaka 1944 wenye mashamba wakaunda ofisi yao ya kuajiri, SILABU, ikawa inakwenda kuzoa vijana mbali: Buha, Ubena, kusini kwa Wamakonde. Babu yako alikuja katika mkondo huo. Alivuka nchi kutoka ziwani mpaka karibu na bahari, na alipofika akapewa panga, kazi ya kupimiwa, na kipande.

Hao ndugu wa Kasulu mnaotaka kuwafichia neno, unadhani hawalijui? Baba zao walipanda magari yaleyale. Waliorudi walirudi na blanketi na sanduku, wengine hawakurudi, na kule nyumbani mama zao walingoja. Babu yako ni mmoja wa waliongojewa. Watu wanatoka Kigoma kuja arobaini ya mwanamke wa Muheza, ndugu yao akiwa kaburini tangu 1988. Wanataka kusikia alikofikia. Ukiwasomea "sekta ya kilimo" watajua mmemwonea aibu, watakula pilau yenu kimya na kuondoka.

Na geuza jambo uliangalie kwa upande wa Bibi, maana ndiye mwenye arobaini. Binti wa Kibondei, wa kanisa, mwenye wajomba na mahari ya kudaiwa, akamtazama mtu ambaye kwao walimwita namba. Nani alisimama kuwa mshenga wake? Mtu asiye na baba wala kaka upande huu hupeleka nani barua ya posa? Mahari alilipa kwa nini, na kwa muda gani? Wazee wa Bibi walisema nini? Ndiyo maana nimekuambia daftari la ndoa. Litakuwa na mwezi, litakuwa na mashahidi, na huenda shahidi mmoja ana jina la Kiha. Ukimficha manamba umemfichia bibi yako kitu kikubwa alichowahi kufanya akiwa msichana.

Togwa nayo isemwe. "Aliwauzia watu wa kambi bada na togwa." Anayejua zaidi ya hapo atatabasamu, na asiyejua hatapungukiwa. Fedha hiyo ilisomesha watu, mmojawapo Mjomba, kama sikosei. Usiongeze wala usipunguze. Na kama Bibi alikuwa na ukali wake, na naamini alikuwa nao, maana watoto kumi na wanne hawalelewi kwa ucheshi, mpe sentensi moja ya ukali. Maneno yake mwenyewe, kama alivyoyasema, hata yakiwa ya Kibondei. Wasiyoyaelewa watatafsiriwa na wa jirani.

Nimebakiza kipande.

Barua yako nimeisoma mara nyingi kwa ajili ya sentensi hiyo moja. Kipande kilikuwa cha siku 30 za kazi. Mtu akimaliza kazi aliyopimiwa, mnyapara anamtilia alama. Zikitimia 30 anakirudisha ofisini, analipwa, anaanza kingine. Kwa hiyo kipande kilichokamilika hakikai nyumbani kwa mtu. Kilichobaki sandukuni ni kile ambacho hakikukamilika. Babu yako alikata mkonge siku 27, Agosti 1949, zikabaki tatu tu apokee mshahara wake, akaacha. Mtu aliyetoka Kasulu kuja kutafuta fedha hiyohiyo.

Aliugua? Wanaougua hupona wakamalizia. Alifukuzwa? Basi kwa nini karatasi ya aibu ikafungwa ndani ya leso ya mwanamke, ikahamishwa sanduku hadi sanduku, ikawapita mchwa na mvua na uhamisho wa miaka ya vijiji, ikakaa na mkewe mpaka kifo chake? Leso hiyo ya rangi gani? Imetarizwa? Mabinti wa enzi zile walitariza leso za kupeleka ujumbe, na mwaka mmoja na kitu baadaye Mama Mkubwa amezaliwa na kubatizwa. Mimi nina dhana yangu, siiandiki hapa, maana ikitoka gazetini itageuka kuwa kweli na mtaacha kuuliza.

Muulize Mama Mkubwa, lakini usimuulize mbele ya wajomba. Nendeni naye shambani kuvuna, mkalishe chini ya mchungwa, mpe kipande akishike mkononi. Mtoto wa kwanza wa kike husikia mambo ambayo hakuna aliyekusudia kumwambia. Na wageni wa Kasulu wakifika, kabla ya kuwapa chakula waulize kama kuna barua yoyote ya babu yako iliyofika kwao mwishoni mwa mwaka huo, au kama mama yake aliwahi kusema mwanawe amekawia kwa ajili ya nini.

Ukipata jibu, liweke mwanzo kabisa, kabla ya kuzaliwa na kabla ya nzige. Usipolipata, soma kipande kama kilivyo: mwezi, mwaka, siku 27, tatu wazi, na leso. Andika ukurasa mmoja na nusu, si zaidi, watu watakuwa na jua. Soma polepole. Mjomba mkubwa mkalishe mbele, katikati ya watu wa Kasulu.